Bandari za Mtu wa Bara

Mkazi wa Lusangi, huku kwetu Maniema mashariki mwa Kongo, kama alivyo jirani yake wa Kabambare na ndugu yake wa Kasongo, aghalabu huzaliwa, akakua, akaoa, akalea na akazikwa pasipo kuitia bahari machoni, kwa kuwa baina yake na mawimbi ya Bahari ya Hindi pana zaidi ya kilomita elfu moja za milima na mito, ziwa lenye kina kisichofikiwa na kamba ya mvuvi yeyote, na nyanda za Tanzania zinazovukwa na reli kutoka magharibi hata mashariki. Na pamoja na hayo yote haipiti siku asitumie kitu kilichoshushwa gatini. Kitenge alichojifunga mkewe, bati lililoezeka nyumba yake, msumari, sindano, baiskeli na kidonge cha malaria, vyote vimepita mikononi mwa makuli na makarani wa forodha katika miji ambayo yeye huisikia kwa jina tu. Basi wataalamu wa dunia wanapokutana kuulizana ni kwa kadiri gani bandari zimejiandaa kuyakabili mabadiliko ya tabianchi, swali hilo ni la mtu wa Maniema kama lilivyo la mwenye meli, na pengine ni lake zaidi, maana mwenye meli akizuiwa katika bandari moja hugeuza omo ya chombo chake akaenda kutia nanga kwingine, ilhali mtu wa bara hungojea palepale alipo, na bei hupanda akiwa anangoja.

Kwa upande wa bahari jambo lenyewe limekwisha kuelezwa kwa hesabu. Jopo la Serikali Mbalimbali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi, katika taarifa yake ya 2021, lilithibitisha kwamba uso wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa sentimita 20 baina ya 1901 na 2018, na kwamba mwendo wa kupanda huko ulizidi hata kufikia milimita 3.7 kwa mwaka baina ya 2006 na 2018. Na mintarafu ya mwisho wa karne hii likakadiria nyongeza ya sentimita 28 hadi 55 endapo dunia itapunguza moshi wake upesi sana, au sentimita 63 hadi mita moja endapo itaendelea kuumwaga angani kwa wingi. Mwaka 2020 nayo PIANC, jumuiya ya kimataifa ya wahandisi wa bandari na njia za maji, ambayo asili yake ni mkutano uliofanyika Brussels mwaka 1885, ilitoa mwongozo wa kuwaelekeza wenye bandari namna ya kupima hatari zao na kupanga matengenezo kabla maafa hayajabisha hodi. Nautaja mwongozo huo kwa heshima kwa sababu haukuzitenga bandari za mito na maziwa, kama wafanyavyo wengi walioyaandika mambo haya wakidhani kwamba bandari ni ya bahari tu.

Hata hivyo kipimo kinachotumika mara nyingi, nacho ni kutazama gati lina kimo gani na ukuta wake una unene gani, mimi nakiona kuwa ni kipimo pungufu. Gati laweza kubaki kavu, winchi zikasimama imara, taa zikawaka usiku kucha, na shehena isimfikie mwenyewe hata mwezi mzima. Bandari hupimwa kwa mtu wa mwisho anayeungojea mzigo, na mtu huyo kwa bahati ya jiografia ndiye mwenyeji wa Kusini mwa Maniema. Na kwa kipimo hicho hukumu itakayotoka si ile inayosomwa katika ripoti za miji mikuu.

Tuanze na pwani, kwa kuwa ndiko mzigo unakoanzia. Tufani za Bahari ya Hindi, kwa kawaida yake, huzunguka mbali na ikweta, zikaipiga Madagaska na Msumbiji, na pwani ya Waswahili ikasalimika. Lakini kawaida si ahadi. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliifikia Unguja, ikang'oa mikarafuu karibu yote ya kisiwa hicho, ikayavunja majahazi bandarini na merikebu za Sultani Sayyid Barghash mwenyewe, huku Pemba ikiachwa na hasara ndogo. Zama hizo njia ya msafara kutoka Ujiji, kuvuka ziwa hadi Mtowa, kisha Kabambare, Kasongo na Nyangwe, ilikwisha kufunguliwa na watu wa pembe na wa biashara ile mbaya ya kuuza binadamu, na mtaji wa Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, aliyeifanya Kasongo kuwa makao yake, ulitoka kwa Taria Topan, tajiri wa Unguja. Si vigumu kufahamu, kwa hiyo, jinsi msiba wa bandari moja ya kisiwani ulivyoweza kuhesabiwa katika bei ya nguo kwenye masoko ya mto Lualaba. Uhusiano huo haukukatika. Umebadilika vyombo tu.

Miaka themanini baadaye, Aprili 1952, tufani nyingine iliupiga mji wa Lindi. Na katika zama zetu, Machi 2019, kimbunga Idai kiliangukia Beira nchini Msumbiji, mji wa bandari inayozilisha Zimbabwe, Malawi na sehemu za Zambia, kikaifunga bandari hiyo kwa siku kadhaa na kuiharibu barabara iliyokuwa ikiiunganisha na bara. Naam, bandari ikaamka mapema kuliko barabara yake. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikaribia kisiwa cha Mafia, boti za baina ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa, na mvua zake zikaikata barabara ya kusini pale Somanga, hata Lindi na Mtwara zikatengwa na mji mkuu wa biashara. Msomaji atazame kwa makini mpangilio wa madhara hayo: si gati lililovunjika kwanza. Kilichovunjika ni daraja la nyuma ya gati, mahali ambapo wapiga picha hufika wakiwa wamechelewa na fedha za mradi hufika zikiwa zimekwisha.

Bandari ya Dar es Salaam, ambayo kwa mizigo ya Kongo ni mlango mkubwa kuliko yote ya upande wa mashariki, imetengenezwa sana katika miaka hii. Mradi ulioanza 2017 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 345 uliyachimba na kuyaimarisha magati, la kwanza hadi la saba, ili yapokee meli zinazohitaji kina cha mita 14.5, na ukaongeza gati jipya la magari. Na tangu 2023 na 2024 makampuni makubwa ya ng'ambo yamekabidhiwa uendeshaji wa sehemu mbalimbali za bandari hiyo. Haya ni mambo ya kushukuriwa, kwani meli kubwa hupunguza gharama, na gati lililoimarishwa hustahimili mawimbi kuliko gati lililochoka. Lakini sifa ambayo kila hotuba huitanguliza ni kina, na mabadiliko ya tabianchi, kwa mtu aliye mbali na bahari, hayaanzi kwenye kina. Yanaanza Kilosa.

Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani, ikaanzia Dar es Salaam 1905 na kufika Kigoma 1914, hupita katika bonde la mto Mkondoa baina ya Kilosa na Gulwe, na hapo ndipo mafuriko huing'oa mara kwa mara. Mvua za mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 ziliibeba sehemu nzima ya tuta pamoja na mataruma yake, safari za reli zikasimama kwa miezi, na Kigoma ikabaki kama kisiwa kilicho nchi kavu. Kwa mfanyabiashara wa Kabambare aliyekuwa anangoja chumvi na mabati, bandari ya Dar es Salaam ilikuwa imefungwa, ijapokuwa pale bandarini hakuna hata mlango mmoja uliofungwa. Reli mpya ya kisasa iliyoanza kubeba abiria 2024 baina ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma imeinuliwa na kupewa madaraja mengi kuliko ile ya zamani, na hilo na tulionee fahari. Lakini mwendelezo wake kwenda Kigoma, na ule uliopangwa kutoka Uvinza kupitia Musongati nchini Burundi mpaka Uvira na Kindu, ndio utakaotuambia kama wahandisi wameyasoma mafuriko ya bonde la Mkondoa au wameyasahau.

Mombasa sitaikalia sana. Ni bandari iliyotangulia katika kuandika sera za mazingira na kupunguza moshi wa mitambo yake, na utafiti uliochapishwa 2008 uliwaonya wenyeji kwamba kupanda kwa bahari kwa sentimita 30 tu kungeweza kuifunika sehemu kama asilimia 17 ya mji. Sera zipo, onyo lipo. Lakini sera ya kupunguza moshi ni jambo moja, na kuinua barabara na mifereji ya mji mzima ili maji ya bamvua yapate pa kwenda ni jambo jingine, na la pili ndilo la gharama.

Sasa nifike penye kiini cha maneno yangu, nacho ni Ziwa Tanganyika, kwa kuwa bandari za ziwa hili ndizo bandari zetu hasa, na wapimaji wa dunia karibu wote huzipita kama abiria wa usiku apitavyo kituo kidogo. Ziwa lina urefu upatao kilomita 670 na kina cha mita 1,470 mahali palipo na kina kuliko pote, na nchi nne hulizunguka: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Maji huingia kwa mto Rusizi kutoka Kivu, kwa Malagarasi kutoka Tanzania na kwa vijito visivyo na idadi, ilhali mlango wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga, utokao penye mji wa Kalemie ukaelekea magharibi hata kuingia Lualaba. Na hata hivyo sehemu kubwa ya maji haiufuati mlango huo, bali hupaa angani kwa jua. Ni kama bakuli pana lenye ufa mwembamba ukingoni: mvua ikizidi jua kwa kiasi kidogo tu, bakuli hufurika, ufa ukizibwa kwa tope na matete, hufurika zaidi, na ufa ukizibuka, maji hushuka pasipo kumngoja mtu.

Wanaosema kwamba ziwa limeanza kupanda juzi hawaijui tarikhi yake. Msafiri Cameron alipoufikia mlango wa Lukuga mwaka 1874 aliukuta umesongwa na majani, maji yakijipenyeza kwa shida. Stanley, msafiri mwingine, akafika 1876 akauona kama mlango uliofungwa. Ziwa likazidi kujaa miaka ile hata karibu ya 1878 likakivunja kile kizuizi, na Joseph Thomson alipotokea mwishoni mwa 1879 akakuta mto kamili unaokwenda kwa nguvu kuelekea Kongo. Baada ya hapo maji yakashuka mita zipatazo kumi kwa muda usiotimia miaka ishirini. Wazia maana yake kwa mwenye mashua: ufuko uliokuwa mlangoni pake umekuwa shamba, na kilindi alichotia nanga baba yake kimekuwa mchanga. Ujiji, bandari mashuhuri ambako Livingstone na Stanley walikutana 1871, ikaachwa na maji yake yenyewe, na reli ilipofika haikukomea hapo bali katika ghuba ya Kigoma yenye kina. Hivyo ndivyo bandari ilivyokufa na nyingine ikazaliwa jirani yake, kwa sababu ya mlango mmoja wa mto ulio ng'ambo, katika nchi ambayo leo ni Kongo.

Kisha mwendo ukageuka. Mvua kubwa za 1961 na miaka iliyofuata zililiinua ziwa hata 1964 uso wake ukafika takriban mita 777 juu ya bahari, yakafunikwa magati na mashamba ya pwani zote nne. Likashuka tena kwa miongo kadhaa, polepole, hata katika muongo wa 2010 hofu ya watu ilikuwa ya kinyume kabisa: meli zilikosa kina penye magati ya Kigoma na kwingineko, na serikali za Tanzania na Kongo zikawa zinazungumza juu ya kujenga kizuizi kwenye Lukuga ili maji yasizidi kukimbia. Mazungumzo hayo hayajapoa vizuri, mvua za mwisho wa 2019 zikashuka, ziwa likaanza kupanda mwaka baada ya mwaka, na kufikia 2021, na zaidi Mei 2024, lilikuwa limekaribia tena alama ya 1964. Bandari ya Kalundu mjini Uvira ikaingiliwa na maji. Bujumbura ikapoteza sehemu ya bandari yake na jirani yake Gatumba ikahamwa na maelfu. Kalemie ikaona barabara za kando ya ziwa zinageuka kuwa njia za mitumbwi. Na mialo ya upande wa Kigoma ikamezwa pamoja na vibanda vya kukaushia dagaa.

Je, chanzo ni kipi? Wako wanaoutupia lawama mlango wa Lukuga na tope lake, na hawakukosea kabisa, kwani misitu ya milimani imefyekwa na udongo wake umeshuka mitoni. Lakini sababu iliyo kubwa zaidi imetoka mbali. Maji ya upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi yanapopata joto kuliko yale ya upande wa mashariki, mvua huihama Asia ya kusini mashariki na kuja kwetu, na miaka ambayo hali hiyo ilikuwa kali, kama vile 1961, 2019 na 2023, ndiyo hiyo hiyo ambayo mafuriko yetu yameandikwa kwayo. Kwa hiyo bahari ambayo mtu wa Lusangi hajaiona humjia nyumbani kwa njia mbili: kwanza katika shehena, na pili katika mawingu; na dunia inavyozidi kupata joto, wanasayansi wanatazamia kwamba miaka ya namna hiyo itatujia mara nyingi zaidi. Si mambo mawili, moja la wenye meli na jingine la wakulima. Ni jambo moja lenye ncha mbili, na sisi tunachomwa na zote mbili.

Hapa ndipo napenda kusimama kidogo, maana kosa kubwa la matengenezo ya bandari za ziwa linazaliwa papa hapa. Maji yanapofunika gati, wakubwa huja na viatu vya mpira, wakatazama, wakaahidi gati lililo juu zaidi. Na gati lililo juu zaidi, maji yakirudi yalikokuwa katika muongo wa 2010, litakuwa ukuta mrefu ambao mashua haziufikii, na kuli atalazimika kupanda ngazi na gunia la unga mgongoni. Kwenye bahari mhandisi anajua kwamba maji, mbali na kupwa na kujaa kwa kila siku, yanakwenda upande mmoja, nao ni juu. Kwenye ziwa hili hana yakini hiyo, na asiyekuwa na yakini hana budi kujenga kwa ajili ya pande zote mbili. Wala si jambo jipya duniani. Manaus, mji ulio katikati ya misitu ya Amazon huko Brazili, umekuwa na gati la kuelea tangu mwanzo wa karne ya 20, likaapo juu ya maboya ya chuma na kuunganishwa na nchi kavu kwa daraja linaloinama na kuinuka, kwa kuwa mto Negro hupanda na kushuka mita kumi na zaidi ndani ya mwaka mmoja. Kilichowezekana huko kwa mvuke na chuma cha miaka mia na ishirini iliyopita, kitashindikanaje katika bandari za Kongo kama Kalemie, Baraka au Kalundu leo?

Tanzania, kwa haki, imejitahidi: imejenga bandari mpya ya Karema katika mkoa wa Katavi, ikielekea Kalemie iliyo ng'ambo, na imetengeneza mialo ya Kigoma na Ujiji. Upande wa Kongo juhudi ni ndogo na ahadi ni nyingi. Winchi za Kalemie ni za zama za Wabelgiji, na reli iliyojengwa na kampuni ya Maziwa Makuu kutoka Kalemie hata Kabalo, ikafunguliwa 1915, hufuata bonde la Lukuga lenyewe. Yaani ziwa linapofurika, mto unaolipunguzia maji ndio unaoipiga reli inayoitegemea bandari. Reli hiyo ndiyo inayotufikisha Kabalo, kisha Kongolo penye daraja la Lualaba, kisha Samba na Kindu. Pakikatika mahali pamoja penye bonde lile, Maniema nzima ya kusini hubaki na njia ya Baraka, Fizi na Lulimba, njia ambayo kiangazi huwa vumbi na masika huwa shimo, na mzigo wake hubebwa na pikipiki na baiskeli zinazosukumwa na vijana wenye subira kuliko chuma.

Nao mto wetu mkubwa, Lualaba, una bandari zake, ijapokuwa hakuna anayezitaja katika mikutano. Kutoka Kasongo hata Kibombo, na kutoka Kindu hata Ubundu, maji hupitika kwa boti. Kati yake kuna maporomoko, ndiyo sababu wajenzi wa kwanza wa reli waliunganisha vipande vya mto kwa vipande vya chuma. Januari 2024 mto Kongo pale Kinshasa ulifikia mita 6.20 kwenye kipimo cha Idara ya Njia za Mito, kasoro ya sentimita sita tu kuifikia rekodi ya 1961, na vijiji vingi kandokando ya mto vikalala majini. Tumepata kuijua tarakimu hiyo kwa sababu pale Kinshasa kuna mtu anayekitazama kipimo kila asubuhi na kuandika. Katika bandari ndogo za mto huku juu, alama za maji za zamani nyingi zimeliwa na kutu au zimefunikwa na matete, na mwenye boti hutegemea jicho lake na hadithi za waliomtangulia. Hili, kwa maoni yangu, ni upungufu mkubwa kuliko ukosefu wa saruji: bandari isiyoandika maji yake haiwezi kujiandaa kwa maji yajayo, kwa kuwa haijui hata yaliyopita.

Kwa upande wa magharibi, Matadi na Boma zinategemea njia ya mto yenye mchanga unaohama kila mara, na bandari mpya ya Banana, ambayo ujenzi wake ulizinduliwa 2022 katika ile pwani fupi ya Kongo, imepangiwa kina kikubwa. Lakini pwani ya Muanda inaliwa na bahari mwaka hadi mwaka, na mzigo wa Banana utachukua muda mrefu kabla haujaonekana Kasongo. Sitaki kuwavunja moyo wanaoijenga. Nasema tu kwamba mtu wa Kabambare asifarijiwe kwa bandari iliyo upande wa pili wa nchi, wakati ile iliyo karibu naye imejaa maji.

Nani basi mwenye dhamana? Nchi nne za ziwa zilitia saini mkataba wa pamoja jijini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, na kutokana nao ikaundwa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao yake Bujumbura. Chombo kipo, basi, na sheria ipo. Kilichokosekana ni uamuzi juu ya Lukuga: ni nani atakayeusafisha mlango ule, nani atakayejenga kizuizi chenye malango ya kufungua na kufunga, nani atakayeamua siku ya kuyafungua, na nani atakayewalipa wakulima wa bonde la chini na shirika la reli maji yakiachiwa. Burundi na Uvira zingependa mlango uwe wazi daima. Kigoma, ikikumbuka miaka ya ukame, ingependa uzuilike. Watu wa Kabalo na Kongolo, ambao maji hayo huwapitia, hawajaulizwa. Na sisi wa Maniema, ambao maji hayo hayo huja kutujazia Lualaba na ambao shehena yetu hupita juu yake, tumeulizwa kidogo kuliko wote. Jambo hili haliwezi kuamuliwa na nchi moja, wala halitaamuliwa na wafadhili, kwa kuwa wafadhili hujenga gati na kuondoka, bali mlango wa mto unataka mtu wa kuusimamia mwaka baada ya mwaka, vita ikiwapo au isipokuwapo.

Wako watakaoniambia kwamba nchi yenye vita haina nafasi ya kuhangaika na kimo cha maji. Nawajibu kwa adabu kwamba maji hayakuisubiri amani mwaka 1964, wala 2021, wala 2024, na kwamba mama anayeuza sabuni na chumvi sokoni Kabambare hutaabishwa na risasi na gharika kwa kiasi kimoja, kwani zote mbili huifunga njia ile ile. Ukimuuliza, hatakuambia habari za tabianchi. Atakuambia kwamba boti haikufika, kwamba daraja limekwenda, kwamba mzigo wa jirani umelowa na hakuna aliyemlipa, na kwamba kipimo cha chumvi kilichokuwa kinamtosha mnunuzi juma zima sasa kimekuwa cha siku tatu. Hiyo ndiyo ripoti ya bandari iliyo kamili kuliko zote, na haijaandikwa popote.

Hukumu yangu, kwa hiyo, ni hii. Bandari za bahari za upande wetu zimeanza kujiandaa, kwa fedha nyingi na kwa kasi isiyolingana, na zimelinda gati kuliko zilivyoilinda njia ya nyuma ya gati; bandari za ziwa, hasa za upande wa Kongo, hazijaanza, na zikianza kwa namna ya sasa zitajengewa maji ya jana. Nawaomba wabunge wetu wa Maniema na wenzao wa majimbo ya Tanganyika na Kivu ya Kusini, pale mkataba wowote wa kutengeneza Kalemie, Baraka au Kalundu utakapoletwa mbele yao, wadai kwanza wawekewe mezani jedwali la kimo cha maji ya ziwa tangu 1878 hadi leo, la kupanda na la kushuka, pamoja na uamuzi wa nchi nne juu ya Lukuga. Na mkataba usiokuwa na viwili hivyo wasiuidhinishe.